Mfalme wa Bati na Kicheko cha Hilda

Ijumaa moja ya Oktoba, mwaka sabini na mbili, saa ya chakula cha mchana, Mfalme Godfrey wa Kwanza wa Uingereza aliingia Soko la Grainger mjini Newcastle akiwa ameishika suruali yake kwa mkono mmoja ili isimporomoke.

Soko lilijaa. Wanawake walikuwa wakigombania vichwa vya kabichi, wachinjaji wakiita wateja kwa sauti za kukwaruza, na sakafu ilikuwa imelowa matope ya viatu na maji ya samaki. Mfalme alipita katikati yao na joho lake jekundu lililoshonwa kwa pazia kuukuu, shingoni manyoya ya sungura yaliyopakwa madoa meusi, kichwani taji la bati. Alikuwa na ndevu za kweli. Mkataba ulimkataza kuzinyoa mpaka kipindi kiishe.

Jina lake la kuzaliwa ni Wilf Ridsdale, umri miaka hamsini na mmoja. Miaka ishirini aliwachekesha wachimba makaa na wajenzi wa meli kwenye klabu zao, mpaka kituo cha televisheni cha mjini kikamchukua awe mfalme katika kichekesho chao cha zama za kale, kiitwacho *Taji la Bati*. Godfrey hayumo katika kitabu chochote cha historia. Alikuwa mfalme wa kubuni, anaogopa farasi, anashindwa kila vita, na hawezi kumkata mtu kichwa bila kumwomba mama yake ruhusa.

Wilf akasimama mbele ya kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi.

"Mama, nisaidie lastiki. Haraka."

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza aliinua macho. Alivaa koti la kijani lenye vifungo vikubwa, kitambaa chenye picha za matofaa kichwani, na rangi nyekundu ya mdomo iliyopakwa na mtu asiyejali kioo.

"Kiasi gani?"

"Ya kutosha ufalme mzima usianguke."

Mwanamke alimtazama kuanzia taji hadi soksi. Kisha akacheka.

Wilf alikuwa ameishi kwa vicheko vya watu, akivijua kama mchinjaji anavyojua nyama, lakini hiki hakuwahi kukisikia. Kilianza chini, kizito, kama gunia la makaa ya mawe linalomwagwa kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Kikapanda, kikazunguka, na mwisho kabisa, mtu akidhani kimekwisha, kikatoa mlio mwembamba kama wa birika la chai linalochemka. Soko zima upande ule liligeuka. Mchinjaji wa jirani alicheka bila kujua anacheka nini.

"Nchi imekwisha," alisema yule mwanamke akijifuta machozi. "Geuka huku nikutie pini, Mtukufu. Na ukisogea nitakuchoma, wala sitaomba radhi."

"Unaitwa nani, nijue nimpe nani ardhi yangu?"

"Hilda Purvis. Ardhi kaa nayo. Nitakacho mimi ni kuona kipindi kinavyotengenezwa. Nasikia mnawaleta watu kwa mabasi, waje kucheka."

"Kweli. Tunaanza Ijumaa ijayo jioni. Nikikupa tiketi utacheka hivyo?"

"Ukichekesha."

Ijumaa iliyofuata Hilda aliketi mstari wa tatu, katikati, chini ya vinasa sauti vilivyoning'inizwa juu ya vichwa vya watazamaji. Wilf aliingia, akajikwaa kwenye joho, taji likamwangukia puani, na makaa yakamwagika kutoka mstari wa tatu. Ukumbi mzima ulimfuata Hilda kama kondoo. Kipindi kilichokuwa kikavu kwenye mazoezi kikapata damu.

Bwana Hallam, mkubwa wa kipindi, alishuka mwenyewe kutoka ghorofa ya tatu. Wakubwa wa huko juu walikuwa na zulia na kisahani cha biskuti, na hawakushuka ila kwa jambo zito.

"Yule mama mtafuteni," alisema. "Apewe kiti hicho hicho kila Ijumaa. Yule ni dhahabu."

Wilf alijisikia kama aliyeambiwa yeye mwenyewe ni dhahabu.

Basi wakaanza. Hilda hakuwa na simu nyumbani, hivyo kila Jumapili saa kumi alasiri alisimama kwenye kibanda chekundu cha simu pembeni ya mtaa wake huko Byker, akapiga kwenye nyumba aliyopanga Wilf. Mwenye nyumba, Bi Tulip, mjane mwenye masikio makali, alipokea na kupaza sauti: "Bwana Wilf! Malkia wako wa vifungo!"

"Halo, kipenzi," Wilf alisema.

"Kipenzi gani? Umesahau kununua lastiki mpya. Ijumaa niliona goti lako, nusura nihame nchi."

"Goti la kifalme hilo. Watu husafiri kutoka mbali kuliona."

"Hao watu hawana kwao." Na kicheko, na birika, na baada ya birika kikohozi kidogo.

"Umepata mafua?"

"Vumbi tu. Mtaa wote wanaubomoa, Wilf. Asubuhi nafungua dirisha nakula matofali. Wakubwa wa jiji wametuchorea majumba mapya mazuri sana kwenye karatasi. Wao hawakai hapa kungoja karatasi iwe nyumba."

Hilda alikuwa mjane kama Bi Tulip. Mumewe, Jackie, alikuwa akifunga mabomba ya mvuke kwa asbestosi, yale madini ya nyuzi ya kuzuia joto, kwenye karakana ya meli mtoni, na alikufa miaka minne nyuma akipumua kama mtu aliyekalishiwa kabati kifuani. Wilf hakuwahi kuoa. Siku moja walipokuwa wakila samaki na chipsi kwenye karatasi, wakitazama mto, alimsikia akikohoa kwa muda mrefu, mpaka akaweka samaki chini.

"Nikikohoa hivi ukumbini, nakuaibisha?" Hilda aliuliza.

Swali lilikuwa la kweli, lakini Wilf alizoea kujibu kila kitu kwa mzaha. Akakaza uso wa Godfrey. "Kohoa mara moja tu, mwanamke, nikutupe gerezani!"

Hilda alicheka. Wilf akadhani yamekwisha.

Ijumaa ya tano, kiti cha mstari wa tatu kilikaliwa na mwanamume mwenye kofia, aliyesinzia. Wilf aliucheza ufalme wake mbele ya watu mia mbili, akaona kama anacheza stoo. Jumapili saa kumi alikaa karibu na simu, amechana ndevu. Saa kumi na moja Bi Tulip akamletea chai bila kusema neno, na kwa Bi Tulip kunyamaza ni msiba.

Jumatatu alikwenda sokoni. Kibanda kilifunikwa turubai.

"Unamtafuta Hilda?" mchinjaji aliuliza. "Aliniachia ujumbe. Alisema akija mfalme kuniulizia, mwambie nimehamia Australia."

"Amesema hivyo?"

"Neno kwa neno. Umemfanya nini, bwana? Siku ile alitoka hapa macho mekundu."

Wilf angeweza kupanda basi kwenda Byker. Ni mwendo wa dakika kumi. Lakini mwanamume wa miaka hamsini na mmoja akinuna, hununa kwa bidii zote za umri wake. Akajiambia kwamba amepata mwingine, mwenye magoti mazuri. Wiki ile wakampeleka kaskazini kwenye ngome ya mawe kupiga picha za vita kwenye mvua, wiki tatu, na farasi waliokuwa wakimchukia. Aliporudi, ule mnuno ulikuwa umekauka ukawa kitu kama tabia.

Kipindi kilianza kuonyeshwa Januari, kila Alhamisi saa moja na nusu jioni. Wilf hakupenda kujitazama, lakini Bi Tulip alimlazimisha.

"Kaa hapo. Nisione mfalme amejificha jikoni nyumbani kwangu."

Vipindi vinne vya kwanza aliviona akiwa ameuma meno, maana Hilda alijaa mle tele. Cha tano ndicho kilichorekodiwa siku ya yule mwenye kofia. Wilf alijiegemeza, akijua hakuna kitakachomchoma leo. Godfrey alitoka na upanga, upanga ukavunjika mpini. Na makaa yakamwagika. Yakapanda, yakazunguka, na birika likalia.

Wilf alisimama wima.

"Amekuja!" alisema. "Bi Tulip, alikuwepo! Alijificha nyuma! Alikuja kuniona, na mimi mjinga nikatazama kiti kimoja tu!"

"Basi unaningojea mimi nikuvalishe koti?"

Ilipofika nafasi ya matangazo ya biashara, Wilf alikuwa barabarani, na viatu vya nyumbani miguuni. Akapata basi linaloondoka. Watu wawili walimtambua kwa zile ndevu, wakampigia saluti ya kejeli, naye akawapigia na yeye. Moyo ulikuwa unacheza kama wa kijana.

Mtaa wa Hilda ulikuwa umebaki na nyumba saba. Nyingine zilikuwa marundo, na katikati ya marundo ukuta mmoja umesimama na karatasi yake ya maua na msumari wa picha. Aligonga mlango wenye taa. Ulichelewa kufunguka.

Hilda alivaa gauni la kulalia na lile koti la kijani juu yake. Koti lilikuwa limemzidi. Mashavu yameingia, hakuna rangi mdomoni, na mkono mmoja umeshika fremu ya mlango kama mtu aliye melini.

"Nimekusikia!" Wilf alisema kabla ya salamu. "Kipindi cha leo. Ulikuja, Hilda. Ulikaa nyuma!"

"Hata mimi nimejisikia," Hilda alijibu polepole, akichukua pumzi katikati ya maneno. "Sijawahi kuingia mle tangu waliponifukuza. Nimekaa hapa na kikombe changu cha dawa, nikasikia ninacheka mle ndani. Nikadhani nimeshakufa, Wilf. Nikadhani hivyo ndivyo inavyokuwa."

"Nani amekufukuza?"

"Usinifanyie mchezo. Mlinzi wa mlangoni. Mbele ya foleni nzima, watu wa basi letu wanasikia. 'Bwana Ridsdale mwenyewe ameomba usiingie, mama. Kikohozi chako kinamharibia kazi.' Hivyo. Na wewe ulishaniambia, nikikohoa utanitupa gerezani."

"Ule ulikuwa mzaha!"

"Ningejuaje? Kila usemacho ni mzaha."

Ndani ya nyumba kipindi kilikuwa kinakaribia mwisho. Walisikia sauti ya Wilf mwenyewe, nyembamba, ya kifalme, ikimwomba mama yake ruhusa. Kisha makaa, kupanda, kuzunguka, birika. Baada ya kama dakika mbili, tena. Makaa yale yale, urefu ule ule, na kabla ya birika kipumuo kidogo kile kile.

"Ni kimoja," Wilf alisema.

Aliielewa kazi ile. Alimjua Terence, fundi wa sauti, na wembe wake mdogo na utepe wake wa gundi, anavyokata kanda ya sauti na kuibandika penye ukimya. Hawakutaka kikohozi kwenye kanda zao, ndipo wakamtoa mwenye kifua. Kicheko walikuwa nacho tayari, wamekihifadhi kwenye mkebe, na kumtoa kwenyewe walitumia jina la Wilf ili asilalamike kwao.

"Hilda, sikusema. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Ningewezaje? Mimi wiki zote hizi nilikuwa nacheza mbele ya mwanaume amelala!"

Hilda alimtazama, akatazama viatu vyake vya nyumbani vilivyolowa tope la Byker. Bega lake likatetemeka kidogo.

"Ingia basi, punguani wewe. Utaugua ukute tumekuwa wawili."

Jikoni alimweleza yote. Jackie alikuwa anarudi kutoka kazini mweupe kama mwokaji mikate. Kila Jumamosi alimkung'utia ovaroli uani, akazifua kwa mikono, vumbi likielea kwenye jua, zuri, linameta. Wakubwa wa karakana walijua. Daktari wao alishaandika zamani, karatasi ikafungiwa kabatini, na watu wakaambiwa wanywe maziwa. Hakuna aliyesema neno juu ya wake zao. Nani angefikiria kwamba kufua nguo ni kazi ya hatari?

"Wamesema muda gani?"

"Daktari amesema nisijisumbue kupanda viazi."

Wilf aliweka taji lisiloonekana mezani, kama alivyokuwa akifanya kwenye kipindi kabla ya kusema jambo la maana na kuliharibu. Safari hii hakuliharibu.

"Nioe mimi, Hilda. Yaani niruhusu nikuoe."

"Niolewe na mfalme wa bati? Nifanye naye nini?"

"Akuletee chai. Abebe makaa. Asiseme mzaha mpaka umpe ruhusa."

"Hutaweza," Hilda alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika juu ya wake.

Asubuhi Wilf alilichukua taji lake kwenye chumba cha mavazi cha kituo, akalivaa, akapanda ghorofa ya tatu. Bwana Hallam alikuwa anachovya biskuti.

"Kicheko cha Hilda Purvis kitoeni," Wilf alisema. "Vipindi vyote vilivyobaki. Na mumrudishie mwenyewe."

"Ridsdale, keti. Tiketi ina maandishi nyuma. Umewahi kuyasoma? Sauti yoyote itakayonaswa ukumbini ni mali ya kampuni."

"Yale maandishi ya sisimizi? Mmemfukuza mtu na kumwibia pumzi yake!"

"Lugha hiyo haifai."

"Pumzi zenyewe zimebaki chache, bwana! Asbestosi imemla kifua, anazihesabu!"

"Pole sana. Lakini mimi sikutengeneza asbestosi." Akamega biskuti nyingine.

Wilf alivua taji, la kweli la bati, akaliweka juu ya kisahani. Biskuti zikavunjika. Huo ndio ushindi pekee ambao Godfrey aliwahi kuupata, na aliulipia: msimu uliofuata walimuua kwa sentensi moja, kwamba alisongwa na mwiba wa samaki, wakamtawaza binamu yake.

Walioana Machi, kwenye ofisi ya serikali, mashahidi Bi Tulip na yule mchinjaji, ambaye alikuja na aproni safi na aibu ya Australia. Hilda alivaa koti la kijani, limepunguzwa mabegani kwa mkono wake mwenyewe, na kitambaa cha matofaa. Wilf alikuwa amenyoa. Hilda alipapasa kidevu chake kitupu kwa muda.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema. "Bora sikuona mapema."

Zawadi yake kwa bwana harusi ilikuwa yadi tatu za lastiki, zimefungwa utepe.

Kicheko hakikuja tena. Kila kilipoanza kilimkata kama kisu, akashika ubavu, akawa wa buluu. "Usinichekeshe, mpenzi," alimsihi, na Wilf, ambaye hakujua kazi nyingine duniani, alijifunza kuwa mtu mkavu. Alimsomea matokeo ya mpira, hali ya hewa, matangazo ya mazishi. Alijizuia hata kujikwaa. Mzaha ulipomjia mdomoni aliumeza, na alihisi unashuka kama mfupa.

Siku moja ya Juni, dirisha likiwa wazi na mashine za kubomoa zimepumzika kwa chakula, Hilda alimwita kwa kidole.

"Ruhusa," alinong'ona.

"Ruhusa ya nini?"

"Moja tu. Nzuri."

Wilf alisimama katikati ya chumba. Akashika suruali yake kwa mkono mmoja. "Mama," alisema, "nisaidie lastiki."

Hilda hakutoa sauti. Mabega tu yalitikisika, na macho yakajaa, na mdomo ukaumba ile njia ya birika bila mvuke wa kuliliza. Kesho yake adhuhuri alikufa, na Wilf alikuwa jikoni anajaza maji.

Karakana ilituma shada la maua lenye kadi ya chapa. Wilf alilitupa kwenye rundo la matofali nje.

Oktoba ilipofika alikuwa amerudi chumbani kwake kwa Bi Tulip. Hakufanya kazi. Alhamisi moja Bi Tulip alifungua televisheni, kichekesho kipya, cha kasisi mnene na punda wake. Mchezaji alikuwa kijana, na mzaha wake haukuwa na chumvi hata chembe. Kasisi akapanda punda kinyumenyume.

Na makaa yakamwagika.

Bi Tulip aliruka kwenda kuizima. "Mungu wangu! Bwana Wilf, samahani, sikujua—"

"Acha," alisema Wilf.

"Si vizuri, baba. Utajiumiza."

"Acha, nimesema."

Alivuta kiti karibu mpaka magoti yakagusa kioo. Kicheko cha mkewe kikapanda kwa ajili ya punda wa mtu mwingine. Kikazunguka. Wilf alifumba macho, akainua kichwa kidogo, tayari.

Wembe ulikuwa umepita hapo. Terence alikihitaji kifupi zaidi. Kasisi alikuwa ameshaanza kusema mengine, na watu wengine wanacheka, na Wilf Ridsdale bado amekaa vile vile, kichwa juu, akilingojea birika.